Corolla ya Baba Iliuzwa kwa Kilo

Baba mdogo ana mazoea ya kutuma orodha. Alfajiri, kabla hata adhana haijaisha, simu inatetemeka: kuna ujumbe kwenye kundi la familia. Zamani zilikuwa orodha za majani yanayoshusha sukari. Siku hizi ni za magari. "Magari kumi ya leo yatakayokuwa dhahabu mwaka 2045." "Nunua hili sasa, wajukuu watakushukuru." Chini yake kuna picha ya gari jekundu la milango miwili, limeegeshwa kando ya bahari ambayo siyo hii yetu ya Kigamboni.

Nina ugomvi na orodha hizi, na naomba nieleweke mapema kwamba si ugomvi wa kupitishia muda. Miaka mitatu iliyopita, kwa ajili ya orodha moja ya namna hiyo, familia yetu iliuza Corolla ya marehemu baba kama vyuma chakavu. Niliisukuma kwa mikono yangu hadi barabarani. Na kabla ya kuisukuma nilikuwa nimeshatoa sababu ya kitaalamu ya kuisukuma.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa ameuza kiwanja cha Chanika kwa shilingi milioni thelathini. Wanaume wa familia wakakaa kikao, nami nikaitwa kwa kuwa nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya uchumi. Baba mdogo alikuja na simu mkononi, orodha imeshafunguliwa.

"Msomi," aliniambia, "wewe ndiye unayelipiwa ada kwa mambo haya. Kitu kikiwa adimu, bei yake inakwenda wapi?"

"Inapanda, baba mdogo."

"Mmesikia," akawaambia wengine.

Kikao kikaishia hapo. Jibu langu lilikuwa nusu ya ukweli. Bei hupanda kitu kikiwa adimu na kukawa na watu wanaokitaka. Hiyo nusu ya pili niliimeza, kwa sababu binti wa miaka ishirini na mbili hamkatizi baba yake mdogo mbele ya wakubwa, na kwa sababu, nikisema kweli, nilifurahi kuitwa msomi. Milioni ishirini na nne za mama zikanunua gari la michezo lililotumika, kutoka Ulaya, rangi ya fedha, la toleo lililotengenezwa kwa idadi ndogo. Kampuni siitaji, maana kosa lilikuwa letu. Ua wetu wa Mwananyamala una nafasi ya gari moja tu. Ikabidi Corolla iondoke.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na nusu ile niliyoimeza nataka niiseme hadharani.

Watabiri wa magari wana hoja moja wanayoirudia kwa maneno tofauti: gari litakalotafutwa kesho ni lile ambalo leo ni adimu, ghali na lenye kasi. Wakibanwa, wanakutajia Ferrari 250 GTO. Ni kweli, mwaka 2018 huko Monterey, California, Ferrari moja ya aina hiyo, ya mwaka 1962, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 48.4. Ni kweli pia kwamba zilitengenezwa 36 tu. Mfano huu una nguvu mpaka uulize swali dogo: je, wale waliokuwa nazo walijua?

Hawakujua. Ferrari ile ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano, na mashindano yalipoipita ikawa gari kuukuu la mbio. Moja kati ya hizo 36 ilipewa shule ya sekondari huko Texas ili wanafunzi wajifunzie ufundi, na baadaye ikakaa miaka mingi kwenye uwanja wazi, inanyeshewa na kupigwa jua. Watu walioiacha nje hawakuwa wajinga. Walikuwa wanalitazama gari kama sisi tunavyoitazama Hiace iliyokufa nyuma ya gereji. Mfano wanaoutegemea watabiri ndio unaoonyesha kwamba utabiri haukuwepo.

Halafu kuna hesabu ambayo orodha hazikuonyeshi. Anayekutajia gari lililopanda bei hakutajii mia yaliyotabiriwa hivyohivyo na yakashuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ulaya, Marekani na Japani ziliingiwa na homa ya kununua magari ya kale kama mtu anavyonunua hisa. Bei zikapaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaporomoka, na waliokopa ili kununua wakabaki na deni la benki na gari ambalo hata kuliendesha walikuwa wanaogopa.

Kwa mwanafunzi wa uchumi kuna jambo la kuudhi zaidi. Baba mdogo anaposema tusubiri mwaka 2045, anaongelea karibu miaka ishirini. Serikali yetu huuza hatifungani za miaka 20 na za miaka 25, na hatifungani hulipa riba kila miezi sita. Hailali uani, haihitaji turubai, haipasuki matairi kwa kusimama. Gari linalosubiri kuwa dhahabu linakula kila mwezi bila kuleta chochote: betri, mafuta ya injini, bima, mlinzi. Nilijua haya yote siku ile ya kikao. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani.

Hata hivyo sitaki kumjibu baba mdogo kwa kusema kwamba haiwezekani kujua lolote. Yapo mambo mawili yanayoeleweka kuhusu magari yanayokuja kupendwa uzeeni, na yote mawili yanaipinga orodha yake.

La kwanza ni utoto. Mtu hununua kwa bei ya wazimu gari ambalo alipokuwa mdogo alilitazama na hakuweza kulipata. Angalia magari ya Kijapani ya miaka ya 1990. Toyota Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika kwenye filamu ya *The Fast and the Furious* ya mwaka 2001 iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2021 kwa dola 550,000. Nissan Skyline GT-R, ambayo Marekani haikuwahi kuuzwa dukani ikiwa mpya, leo ni ndoto ya watu wazima wa huko. Waliifahamu wapi? Kwenye mchezo wa PlayStation, *Gran Turismo*, uliotoka Japani mwaka 1997. Vijana walioiendesha kwa vidole gumba wakiwa na miaka kumi na miwili sasa wana mishahara, na sheria ya Marekani inaruhusu gari la nje lisilokidhi masharti yao liingizwe likishafikisha miaka 25. Umri wa gari na umri wa mnunuzi vikakutana. Hakuna siri kubwa zaidi ya hiyo.

Utoto hauangalii uhaba. Volkswagen ile ya mgongo wa duara ilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka Meksiko mwaka 2003. Hakuna gari ambalo ungeweza kusema kwa uhakika zaidi kwamba halitakuwa adimu. Leo ina vyama vya wapenzi wake kila bara, na dada yake, lile basi dogo lenye madirisha mengi kama banda la njiwa, hufika zaidi ya dola 100,000 mnadani. Mini ya Waingereza, Fiat 500 ya Waitaliano, Citroën 2CV ya Wafaransa: yote yalikuwa magari ya watu wa kipato kidogo, na yote yanahifadhiwa kwa sababu nusu ya nchi ilikulia kwenye siti zake za nyuma.

Waingereza wamelielewa hili kiasi cha kulicheka. Tangu mwaka 2014 wana tamasha la magari yasiyo na sifa yoyote, *Festival of the Unexceptional*. Watu wanapeleka gari la mhasibu wa miaka ya 1980, la kahawia, lisilo na kasi wala umbo, na linapigiwa makofi kwa kuwa limebaki peke yake. Maana gari la kawaida lina njia yake ya kuwa adimu. La tajiri linafunikwa na kupigwa pasi. La kawaida linatumika mpaka linaisha, na siku watu wanapolikumbuka, hayapo.

Jambo la pili ni fundi. Gari haliwi la kale kwa kuwa na miaka mingi tu. Linakuwa la kale kwa kuendelea kuwaka likiwa na miaka mingi, na haliwezi kuendelea kuwaka bila mtu wa kulitengeneza.

Gari letu la rangi ya fedha liliwaka vizuri miezi minane. Kisha asubuhi moja likakataa kuutambua ufunguo wake. Fundi wetu wa siku zote, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini karibu na makaburi, alilizunguka mara mbili, akafungua boneti, akakuta plastiki nyeusi imefunika kila kitu. Akaifunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa nyumba isiyo yake. "Hili," akasema, "linataka mtu wa kompyuta." Mtu wa kompyuta akaja na mashine yake ya kupimia. Mashine ikasoma makosa kumi na saba, ikashindwa kufuta hata moja, kwa kuwa programu ya kufutia inahitaji ruhusa ya mtengenezaji na mtengenezaji yuko mbali. Tangu siku hiyo limekaa chini ya turubai. Paka wa jirani amezalia juu yake mara mbili.

Usifikiri haya yanatokea Mwananyamala tu kwa sababu sisi ni maskini. Mwaka 2022 kampuni za simu za Marekani zilizima mtandao wa 3G, na magari ambayo hayakuwa yamechakaa yakapoteza huduma zake za mawasiliano, pamoja na ile ya kuita msaada ajali ikitokea. Mwezi Juni 2024 kampuni ya Fisker, iliyokuwa ikitengeneza magari ya umeme, iliomba kulindwa na mahakama kwa kufilisika. Waliokuwa na magari yake walijikuta na chombo kipya kabisa ambacho akili yake ilikuwa kwenye kompyuta za kampuni inayokufa. Injini ya kizamani haijali kama kiwanda chake kimefungwa. Gari linalopokea maagizo kutoka mbali linajali sana.

Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu zuri. Wataniambia: vijana wa kesho watakuwa mafundi wa kompyuta, watayafungua hayo magari kama sisi tunavyofungua simu. Wenye Fisker wenyewe waliunda chama ili kuyanusuru magari yao. Nakubali, baadhi yatanusurika. Lakini angalia nani atayanusuru na kwa gharama ya nani. Itabidi gari liwe na wapenzi wengi, wenye muda, wenye ujuzi, na wanaolipenda kiasi cha kuhangaika nalo bila malipo. Yaani tumerudi kwenye jambo la kwanza. Toleo la magari mia tatu yaliyofungiwa bandani halina watoto waliokulia ndani yake. Siku skrini yake itakapozima, nani atakesha kwa ajili yake?

Kwa hiyo, baba mdogo, hii hapa orodha yangu. Ni fupi na haina picha ya bahari.

Naanza na Toyota IST ya kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007. Cheka kwanza, nitasubiri. Sasa niambie ni gari gani limebeba Dar es Salaam yetu kuliko hili. Limepeleka maharusi ambao hawakuweza kukodi Benzi. Limekuwa teksi ya mtandaoni, limekuwa gari la kwanza la mwalimu, la nesi, la afisa mikopo, limekuwa zawadi ya mchumba na chanzo cha talaka. Tumelitania kuliko gari lolote, na mtu hatanii kitu kisichokuwa chake. Watoto wanaopelekwa shule leo wamejibana watano kwenye siti ya nyuma ya IST watakuwa na miaka arobaini siku moja, na watataka kuisikia tena ile sauti ya mwanamke wa Kijapani inayozungumza ufunguo ukizungushwa, ikikumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kadi ya barabara za Japani! Mama huyu ameongea na sisi kila asubuhi kwa miaka ishirini, hatujawahi kumjibu. Siku atakaponyamaza tutamkumbuka.

Pili, Hiace ya daladala, kipanya, yenye maandishi ya mkono nyuma na mlango unaofungwa kwa mbinu anayoijua konda peke yake. Tatu, Noah. Nne, Harrier ya kizazi cha pili, ambayo mtaa uliipa jina la tako la nyani; gari lililopewa jina na watu wasioweza kulinunua limeshaingia kwenye lugha, na kilichoingia kwenye lugha hakitoki upesi. Tano, Land Cruiser mkonga, ambayo umbo lake la msingi linatengenezwa tangu mwaka 1984 na ambayo fundi wa Namanga na fundi wa Tunduma wanaifungua kwa spana zilezile.

Atakayesema haya ni mapenzi ya mtaani tu aende Arusha. Oktoba 2024 mji ule uliita wenye Land Rover, nao wakaja kwa mamia, kwa nia ya kuvunja rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani. Land Rover hazikuja nchini kama mapambo. Zilikuwa gari la bwana shamba, la misheni, la polisi, la watalii. Zilikuwa punda. Na wale waliozitoa Arusha barabarani walikuwa wamezitunza kwa sababu walikulia ndani yake na kwa sababu kulikuwa na fundi. Hakuna orodha ya kwenye simu iliyowaambia wafanye hivyo.

Na pengine mtu ataniuliza: kama gari la kawaida litapendwa lenyewe, kelele za nini? Waache watu wanunue ndoto zao, wewe subiri miaka ishirini ushinde ubishi.

Kelele ni kwa sababu orodha hizi haziishii kutabiri. Zinaondoa vitu. Zinahamisha pesa, zinahamisha nafasi uani, zinamwambia mjane kwamba chenye thamani ni kile na kisicho na thamani ni hiki. Na hazifanyi kazi hiyo peke yake. Marekani gari likifika miaka 25 mlango unafunguliwa. Kenya haliruhusiwi kuingia likizidi miaka 8. Kwetu likizidi umri huohuo linaongezewa kodi kwa sababu ya uchakavu. Sibishi, sheria hizo zina sababu: moshi, ajali, nchi kugeuzwa jalala. Lakini ukizisoma pamoja na orodha za baba mdogo unaona somo moja linalofundishwa: cha mwenzako kikizeeka ni urithi, chako kikizeeka ni takataka.

Nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Utakuta magari yaliyotumiwa na viongozi, ikiwemo Rolls-Royce, yamewekwa vizuri na maelezo yake. Inafaa yawe pale. Lakini tafuta pale teksi iliyosomesha watoto wanne. Tafuta daladala. Mwanahistoria wa mwaka 2060 atajua gavana alikaa kwenye siti ya namna gani. Hatajua baba yangu alikaa kwenye siti ya namna gani.

Alikaa kwenye mkeka wa shanga za mbao. Corolla yake ilikuwa ya 110, namba A, injini ya 5A, nyeupe yenye mstari wa rangi ya teksi ubavuni. Aliinunua kwa mkopo wa chama cha akiba cha madereva na akaimaliza kuilipa nikiwa darasa la sita. Kila mlango ulikuwa na historia: wa mbele kushoto ulifunguka kwa ndani tu tangu mlevi mmoja alipoupiga teke Sinza, wa nyuma kulia ulibadilishwa, ukawa mweupe wa aina nyingine, na baba alikataa kupaka rangi kwa kuwa, alisema, abiria hapandi rangi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ile siti. Alipoanza kuumwa alikuwa bado anashuka uani jioni, anawasha injini dakika tano, anaisikiliza, anazima.

Alipofariki tuliiacha isimame. Haikuwa mbovu. Ilihitaji betri, matairi mawili na mtu wa kuisogeza.

Siku ya kuiondoa walikuja vijana wawili na Canter. Injini ilikuwa imeshatolewa. Ilinunuliwa kwanza, kwa pesa nzuri, na dereva wa teksi wa Tandale, kwa sababu 5A haikosi mteja. Mwili uliobaki tukausukuma hadi lami, mimi nyuma kulia, kwenye ule mlango wa weupe tofauti. Kijana wa mizani alikuwa na kalamu sikioni. Aliandika kilo kwenye kiganja cha mkono, akazidisha, akamhesabia mama laki saba na elfu arobaini. Mama alizipokea, akazikunja, akauliza kama wanaweza kumwachia kile kitambaa cha kufutia kioo kilichokuwa kwenye dashibodi. Wakamwachia.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wangejua tutauacha mbacha wenyewe kwa picha ya msala kwenye simu, wangetafuta neno kali zaidi.

Baba mdogo si mtu mbaya. Alitaka mama awe na kitu. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na orodha ile ilimpa nafasi ya kukaa meza moja na watu wa Monterey, walau kwa kusoma. Hasira yangu nailekeza kwa wanaoziandika, wanaojua kwamba mwenye milioni mia anaweza kukosea utabiri akacheka, na wanajua pia kwamba orodha haichagui inamfikia nani. Na kidogo nailekeza kwa msichana aliyesema "inapanda, baba mdogo" akanyamaza.

Kama una pesa za kuchezea, nunua upendacho, uliendeshe, liishe mikononi mwako. Kama huna, usinunue mwaka 2045. Na kama uani kwenu kuna gari linaloonekana limekwisha, kabla hujamwita mtu wa mizani fanya mambo machache yasiyo na gharama. Lipige picha pande zote, na ndani, na buti. Tunza kadi yake. Andika jina la fundi aliyelijua na magonjwa yake. Muulize aliyeliendesha alipata wapi pesa ya kulinunua, mwandikie jibu lake. Mkiweza kulihifadhi moja katika ukoo mzima, lihifadhini, hata kijijini chini ya mwembe, mradi kuna mtu wa kuliwasha. Sisi hatuna picha hata moja ya Corolla ikiwa peke yake. Ipo moja ya mahafali yangu ya kidato cha nne, na nyuma ya bega langu inaonekana taa ya mbele na kipande cha bampa.

Wiki iliyopita baba mdogo alituma orodha mpya. Safari hii ni magari ya umeme, na ameandika juu yake: "Familia, tusiachwe nyuma." Mama hakuandika kitu kwenye kundi. Alinipigia simu usiku.

"Msomi, unasemaje?"

Nilimwambia kuna mtu wa spea Ilala anataka lile la fedha kwa milioni tisa, na mwakani hatatoa hata tano. Nilimwambia tuliuze mwezi huu, hasara tuikubali, pesa iingie kwenye akaunti yake mwenyewe na isitajwe kwenye kikao chochote. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Na baba yako mdogo nani atamwambia?"

Nikasema nitamwambia mimi. Jumamosi nakwenda kwake. Nitamwamkia kwanza.